Toka, Nta

Nta ya parafini ni mgeni mwenye adabu:
ikipoa hujikunyata, hujitenga na ukuta,
ukiigeuza inaaga.
Wewe, nta ya soya, huna desturi hiyo.
Umepoa tangu jana na bado umelikumbatia bati
kama mtoto aliyeambiwa leo ni shule.

Na si kwamba umetoka mbali.
Soya yako ilimea labda pale,
nje ya kidirisha hiki cha chumba cha chini,
penye mashina makavu yanayochomoza thelujini
kama ndevu za mtu aliyeacha kujali.
Ikaenda kiwandani kwa lori,
ikanirudia ndani ya mfuko, magamba meupe,
kwa bei ambayo Delmar angeicheka hadi akohoe:
"Marlys, unanunua shamba letu kwa ratili?"

Kalibu ni za mama yake, Inga.
Sita, za bati, umbo la jani la mwaloni.
Zilioka biskuti za Krismasi miaka hamsini
na haikugoma hata moja.
Ndivyo alivyosema. Alisema mengi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilikupa kisu.
Ulitoka, ndiyo, makombo kwa makombo,
na kwenye bati pakabaki mkwaruzo
mwembamba, urefu wa kope.
Tangu hapo kila nta ninayomimina
inaujua, inaingiza kucha palepale,
inashikilia.
Hasira yangu ya dakika moja
imekuwa mpini wako wa kudumu.

Nilipaka mafuta ya kupikia: ukatoka na madoa,
uso wa aliyelia kisha akajipodoa.
Nilileta mashine ya kukaushia nywele:
ukalegea pembeni tu, katikati ukanikodolea.
Nikakutia kwenye friza,
juu ya vifurushi vya nyama ya kulungu
vyenye mwandiko wa Delmar, wino wa buluu:
PAJA. NOVEMBA. LA KUCHOMA.
Nikasimama pale, mlango wazi, baridi ikinimwagikia miguuni,
nikasahau kilichonipeleka.
Nilipokumbuka, ulikuwa umepasuka
kutoka ncha hadi kikonyo.

Ardis wa ng'ambo ya barabara alikuja kurudisha sufuria.
Akatazama meza yangu. Hakucheka.
"Unamimina nta ya moto kwenye bati la baridi," akasema,
"unataka ifanye nini? Inashtuka,
inashika kilicho karibu.
Pasha bati kwanza. Mimina ikianza kuwa nzito kama uji.
Ilaze usiku kucha. Friza dakika tano, basi.
Na Marlys, usiichungulie."

Hilo la mwisho ndilo gumu.
Nilipanda ngazi. Nikakunja taulo zilizokwisha kunjwa.
Usiku yalipita magari matatu,
moja la kukwangua theluji.

Asubuhi, dakika tano kwa saa ya jiko.
Nikatandaza taulo, nikaligeuza bati,
nikaligonga mara moja kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe.

Ta.
Jani. Mishipa yote ipo, hata ile midogo
ambayo sikujua bati lilikuwa nayo.
Ta. Ta. La nne likasita, likaja. La tano.
La sita, lile la mkwaruzo, likaacha ncha yake nyuma.

Matano yatakwenda Jumamosi ukumbi wa kanisa,
dola nne kila moja, na utepe.
Lenye kilema nimeliweka kwenye kichomeo, jikoni.
Likalegea bila kushurutishwa na mtu,
likawa maji, likawa msonobari na mdalasini
mpaka kwenye koti ambalo bado liko msumarini.

Nikashuka tena.
Nikafungua friza, nikatoa kifurushi kimoja, PAJA,
nikakiweka kwenye sinki, nikakiacha.
Sikukichungulia.